Ndago zimenishinda bustanini, kila nikilima ndo zinazidi, naombeni msaada

Mama Tuta (Chanika, Dar)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana hapa nilipofika nimechoka kabisa. Nina kabustani nyuma ya nyumba, sio kakubwa, ukipiga hatua ni kama kumi na mbili kwa nane hivi, nalima mchicha, matembele, chainizi na bamia kidogo, tunakula wenyewe na zinazobaki nauza mafungu kwa majirani, hela ya madaftari ya watoto na umeme inatoka humo humo. Sasa mwaka jana mwezi wa tisa, kwa kuwa huku kwetu ni mchanga mtupu, nikaona niiongezee nguvu ardhi, nikanunua udongo mweusi tripu moja ya kirikuu, kaka mwenye gari akasema umetoka bondeni una rutuba sana. Na kweli vuli ile mboga zilistawi, sikatai. Ila kuanzia mwezi wa kwanza ndago zikaanza kutoka moja moja, nikawa nang'oa kwa mkono, masika yalivyoingia ikawa kama mtu kazimwaga.

Nikatafuta vijana wawili wakalima eneo lote kwa jembe, pakawa peupe, nikasawazisha nikasia mchicha. Siku ya tano naenda kumwagilia naona vichomozi vya kijani vimetoka kabla hata ya mchicha wenyewe, baada ya wiki mbili zikawa nyingi kuliko mwanzo. Nimerudia hivyo mara tatu, na kila mara nalipa vibarua. Mara ya mwisho nilikaa pale kwenye tuta nikalia jamani, maana ile bustani nimeianza mwenyewe kwa mikono yangu nikiwa na mimba ya mtoto wa pili.

Jirani ananiambia nimwage chumvi ya mawe, mwingine anasema nipulizie dawa. Mimi dawa naiogopa, nina watoto wadogo na kuku wanazurura hapo hapo. Kuna mtu alishazimaliza kabisa hizi ndago akabaki na bustani yake? Alifanyaje? Na kwa nini nikilima ndo zinaongezeka?

Dogo wa Kibamba

Dada pole, mimi nilipuliza glaifoseti kiwanja kizima zikakauka zote ndani ya wiki mbili, kazi ikaisha. Usijitese na jembe.

Mama Tuta

Asante mdogo wangu, ila hapo baada ya kukauka hazikurudi? Na ulipanda nini juu yake?

Dogo wa Kibamba

Sikupanda kitu, nilijenga fremu.

Mzee wa Mgeta

Mwanangu pole sana, usilie, hiyo kitu imewatoa jasho watu wenye matrekta sembuse wewe na jembe la mkono. Nipo Morogoro, nimelima mboga miaka mingi na ndago nimepambana nayo kwenye shamba la mama yenu mpaka tukaelewana, ngoja nikueleze taratibu maana ukishaijua inavyoishi hutapoteza tena hela ya vibarua.

Kwanza ndago sio nyasi. Chukua bua lake uliviringishe kati ya vidole, utasikia lina pembe tatu, nyasi bua lake la mviringo. Na majani yanatoka matatu matatu. Nakwambia hivi kwa sababu nyasi ukiing'oa na mizizi yake umeimaliza, ndago ukiivuta umechukua jani tu, mwenyewe kabaki chini. Chimba taratibu pembeni ya shina moja, usivute, fuatilia ule mzizi mwembamba kama uzi, utakuta kiazi kidogo cheusi ukubwa wa njugu, halafu uzi unaendelea, kiazi kingine, uzi, kiazi kingine, mpaka utachoka. Ni mnyororo. Sasa sikiliza hapa ndo penye jibu la swali lako. Kwenye ule mnyororo kile kiazi cha mbele kilichotoa jani kinawalaza wenzake, wale wa nyuma wanakaa kimya tu wamelala, wanaweza kukaa hivyo miaka. Jembe linapopita linaukata mnyororo vipande vipande, kila kipande kinaona hakina tena wa kukilaza, vinaamka vyote kwa pamoja. Ulikuwa na mashina mia, umelima, umeamsha mia tatu. Na jembe hilo hilo limezisambaza kutoka kona moja mpaka nyingine.

Mwaka fulani nilitaka nijue kwa macho yangu, nikachukua kiazi kimoja tu cha ndago nikakifukia kwenye ndoo ya lita 20 yenye udongo wa samadi, nikawa namwagilia kama mche wa nyanya. Miezi mitatu na nusu baadae nikaimwaga ile ndoo kwenye gunia nikahesabu, vilikuwa 86. Kutoka kimoja. Siku ile nikaacha kuipiga jembe.

Sasa kinachoiua ni vitu viwili, jua na njaa. Jua, kwa sababu kile kiazi kikikauka kimekufa, hakiamki tena, ila lazima kikauke kweli, siku kumi mpaka kumi na nne za jua kali, sio kukigeuza tu juu ya udongo halafu usiku mvua inanyesha. Njaa, kwa sababu kila jani linalotoka limetengenezwa kwa akiba ya kile kiazi, na jani likifika umri ndo linaanza kurudisha chakula chini na kutengeneza viazi vipya. Ukilikata kabla halijarudisha kitu, kiazi kimetoa na hakijapokea. Kina macho kadhaa kama kiazi mviringo, kwa hiyo kitajaribu tena, na tena, kila safari jani linakuwa jembamba zaidi, mwisho kinaisha. Mimi alama yangu ni majani matano, likifika matano sita umechelewa. Kwa joto lenu la Dar hiyo ni kama wiki mbili hivi, kwa hiyo pita kila siku kumi, ukisema kila mwezi umeilisha.

Usifanye eneo lote kwa mara moja, utachoka na utalala njaa. Gawa mapande manne. Anza na pande moja kipindi cha jua, mwezi wa saba mpaka wa tisa au ule ukame wa mwezi wa kwanza na wa pili. Tumia uma wa kulimia, ule wa meno manne, sio jembe, uma unainua mnyororo mzima bila kuukata. Viazi vingi viko ndani ya shubiri moja kutoka juu, vichache ndo vinaenda chini zaidi. Udongo wako una mchanga, hiyo ni bahati, pitisha kwenye chekeche ya mafundi ujenzi, kinachobaki juu anika kwenye bati. Usitupe kwenye shimo la mboji hata kidogo, utakuja kuzirudisha mwenyewe bustanini kwa mbolea.

Ukimaliza usipande. Najua inauma, ila mwagilia lile pande tupu kama vile umepanda. Yale mabaki yataamka, unayakata na kisu chini ya udongo kidogo, kila siku kumi. Fanya hivyo miezi miwili. Halafu panda kitu kinachofunika ardhi, ndago haipendi kivuli kabisa, matembele yako hayo hayo, bandika marando karibu karibu kuliko kawaida.

Mpemba Mtulivu

Chumvi inafanya kazi, babu yangu alimwaga njia ya kwenda kisimani haikuota kitu tena mpaka leo.

Mzee wa Mgeta

Ndugu yangu umelijibu swali mwenyewe, haikuota kitu. Njiani sawa. Bustani ya mboga ukiimwagia chumvi mchicha utakufa wa kwanza na ndago itakuwa ya mwisho, na mvua ikishaisukuma inaenda kwa jirani. Huyu mama anataka kula hapo. Mama Tuta tafadhali usithubutu, na oili chafu ya gari pia, kuna watu watakushauri.

Mpemba Mtulivu

Sawa mzee nimekuelewa, nilikuwa sijafikiria upande wa mboga.

Mama Tuta

Shikamoo mzee wangu, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili na nimetoka na tochi kwenda kuchimba shina moja kama ulivyosema. Nimetoa mnyororo wa viazi saba bila kufika mwisho. Saba! Na mimi nilikuwa nalipa watu wavikatekate. Sasa nauliza, huo udongo niliouleta ndo ulikuja nazo? Maana zamani sikuwahi kuona ndago hapa.

Mzee wa Mgeta

Marahaba mwanangu. Kwa asilimia kubwa ndiyo. Ndago mbegu zake za juu mara nyingi hata hazioti, inasafiri kwa viazi, na viazi vinasafiri kwenye udongo, kwenye viriba vya miche, kwenye jembe la kibarua aliyetoka kulima kwingine asubuhi. Udongo wa bondeni unaomwagiliwa mwaka mzima ndo nyumbani kwake. Siku nyingine ukinunua udongo weka ndoo mbili tatu pembeni, mwagilia wiki tatu uone kinachoota kabla hujaushusha wote.

Bin Kilifi

Salaam kutoka Kilifi. Mie nilikuwa na nyanya za kumwagilia kwa matone, nikaambiwa nitandaze nailoni nyeusi ndo dawa ya magugu. Magugu yote yalikufa kweli isipokuwa ndago. Ile ncha yake ni kama sindano ya kushonea magunia, ilitoboa nailoni kila mahali, ukiangalia kitanda asubuhi kijani juu ya nyeusi. Fundi mmoja wa shamba kubwa huku akanambia tatizo ni rangi. Chini ya nailoni nyeusi ndago yaendelea kupanda ikiwa imejifunga, ncha kali, kwa kuwa haijaona mwanga, ikifika ndo yatoboa. Chini ya nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga yadhani imeshatoka nje, yafungua majani humo humo ndani, majani hayana nguvu ya kutoboa, na joto la mle layababua.

Nikajaribu kitanda kimoja, nikamwagilia vizuri udongo ukalowana, nikatandaza nailoni nyeupe nikafukia kingo zote kwa mchanga upepo usiingie, wiki sita kwenye jua la mwezi wa pili. Nilipofunua ilikuwa imepungua sana, nasema imepungua, haikuisha, zile za chini zilisalia. Lakini zilizosalia zilikuwa za kung'oa kwa mkono. Kwa hiyo mama ukishindwa kuchekecha pande zote nne, pande moja waweza kulifanya hivyo huku wahangaika na jingine. Wapo wanaotandaza viroba vya salfeti, vile vilivyofumwa, viwili viwili, hivyo huzuia vizuri zaidi, ila jua likivila vyaanza kuchambuka nyuzi na zile nyuzi zaingia udongoni, na kuku wazidonoa. Mie nimeviacha.

Duka la Pembejeo Mbezi

Habari Mama Tuta. Mimi nauza pembejeo kwa hiyo wengine watasema nataka biashara, lakini nitakwambia ukweli ambao huwa nawaambia wateja dukani hata kama hawanunui. Dogo wa Kibamba hajadanganya, glaifoseti inaikausha ndago, ila inakausha inachokifikia. Dawa inaingia kwa jani inashuka mpaka kwenye kiazi kilichotoa hilo jani na labda cha jirani yake. Vile vilivyolala nyuma haviguswi. Ndio maana mtu anapuliza, anafurahi, mwezi unaofuata anarudi dukani kunilaumu nimemuuzia dawa feki.

Na wengi wanapuliza vibaya. Analima leo kesho anapuliza, anapuliza nini sasa wakati jani hakuna? Au anapuliza ndago iliyonyauka kwa kiu. Dawa hii inatembea kwenye mmea unaokua kwa nguvu, kwa hiyo unaiacha iote vizuri iwe na majani ya kutosha kabla haijatoa maua, unapuliza asubuhi isiyo na upepo na usiyotegemea mvua, halafu HUIGUSI wiki mbili, usilime, usikate, iache ishuke chini. Halafu maji yawe safi, maji ya tope yanaishika dawa yote unabaki unapuliza maji. Na haichagui, tone likienda kwenye matembele matembele yanakufa. Ile 2,4-D ya kwenye mahindi nayo watu wanainunua kwa ajili ya ndago, inaunguza majani tu kiazi hakina habari. Zipo dawa maalum za jamii ya ndago, kama halosulfuroni, ila hizo ni za mahindi, miwa na viwanja vya nyasi, kwenye mboga za majani usiziweke.

Kuhusu hofu yako ya watoto, una haki ya kuuliza. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO mwaka 2015 liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, mamlaka nyingine za nchi mbalimbali zinasema ukiitumia kwa kufuata lebo haina shida, mabishano hayajaisha. Mimi kwa eneo la hatua kumi na mbili kwa nane lenye watoto na kuku na mboga unazochuma kila siku, ningefuata ya mzee. Dawa ningeiacha kwa ajili ya nje ya fensi tu, na hata hapo nguo ndefu, glovu, barakoa, kuku wafungiwe, na kopo liwe na lebo ya Kiswahili yenye namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kama ni rahisi. Chupa hizo zimeua watoto.

Mama Tuta

Dada asante sana kwa ukweli wako, wachache wangeongea hivyo wakati wanauza. Nimeamua, dawa hapana. Naanza na pande la karibu na bomba maana ndo pabaya zaidi, masika yakiisha tu. Bin Kilifi ile nailoni nyeupe nikipata ya bei nzuri nitafanya pande la pili.

Mwana Usa River

Naomba niongeze kitu kidogo japo sio ndago. Mimi nipo Arusha, huku kwetu mtu akisema gugu sugu tunafikiria gugu karoti kwanza, lile lenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe vidogo, lilianza kuonekana Arusha mwaka 2010 na sasa liko barabarani, viwanjani, mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Nalisema hapa kwa sababu Mzee kaongelea udongo wa kununua, na hili nalo linaingia hivyo hivyo, kwenye udongo, samadi, majani ya ng'ombe, tope la matairi. Asili yake ni Amerika huko. Mama yangu mdogo aling'oa siku nzima kwa mikono mitupu na mikono mifupi ya blauzi, alivimba na kuwashwa wiki tatu, mpaka leo akilisogelea tu anakohoa. Ng'ombe wakilila maziwa yanakuwa machungu.

Ila lenyewe ni kinyume kabisa na ndago na ndio maana nimeona niandike, watu wanachanganya. Gugu karoti linaishi kwa mbegu, mti mmoja unatoa maelfu na maelfu, halina kiazi chini. Kwa hiyo lile ukiling'oa na mzizi likiwa dogo KABLA YA MAUA umelimaliza, udongo ukiwa umelowa linatoka lenyewe. Likishatoa maua ukilivuta unajimwagia mbegu na vumbi lake. Vaa glovu, mikono mirefu, funga kitambaa puani, lichome, na urudi pale pale kila mvua ikinyesha kwa miaka maana mbegu zilizolala udongoni haziishi haraka. Ukiliona huko Dar usilichekee, ng'oa siku hiyo hiyo na uwaonyeshe majirani.

Mkulima Mbinga

Sisi huku tunafungia nguruwe. Unazungushia banda eneo lenye ndago wiki chache wanafukua wanakula vile viazi vyote wanakuachia na mbolea. Sijui kama kwenu inafaa.

Mama Tuta

Kaka asante, ila mtaa wetu wengi ni Waislamu na nyumba zimebanana, sitaki kuwakwaza majirani wanaonunua mboga zangu.

Mkulima Mbinga

Umefanya vizuri kufikiria hivyo. Basi uma na chekeche.

Bi Chuma Mboga

Mwenzenu nina swali, hizi ndago si ndo zile tulikuwa tunachimba utotoni tunatafuna, tamu tamu? Au ni nyingine?

Mzee wa Mgeta

Ni ndugu yake mama. Ile unayoisema maua yake yana rangi ya manjano hivi, kiazi kinakaa kimoja kimoja mwisho wa uzi na kitamu, huko Hispania wanailima kabisa wanatengeneza kinywaji. Hii inayomsumbua Mama Tuta maua yake yana wekundu wa damu ya mzee na viazi vinafuatana kama tasbihi, ukitafuna ni chungu na ina harufu kama ya dawa. Zote mbili zikiingia kwenye mboga ni adui, dawa yake moja.

Mama Tuta (miezi saba baadae)

Jamani wakuu zangu, nimerudi. Sio kwamba nilisahau, nilisema nisiandike mpaka niwe na kitu cha kuwaambia.

Pande la bomba nilianza mwishoni mwa mwezi wa sita. Uma niliazima kwa fundi mmoja, chekeche nikatengeneza ya wavu wa dirishani ikachanika siku ya kwanza, nikanunua ule wavu wa kuku wenye matundu madogo nikaupigilia kwenye mbao. Nilikuwa nachekecha saa moja jioni baada ya kupika, watoto wanaokota viazi wanaweka kwenye kopo, ikawa kama mchezo wao, mkubwa anahesabu. Pande moja tu lilitoa ndoo ya rangi ya lita 20 imejaa nusu. Nusu ndoo ya viazi vya ndago jamani. Nikavianika juu ya bati la banda la kuku wiki mbili na nusu, nikachukua kumi nikavifukia kwenye kopo nikamwagilia nione, hakuna hata kimoja kilichoota. Hapo ndo moyo ukatulia, vingine nikachoma.

Kumwagilia udongo mtupu ndo kulinitesa kuliko yote. Mume wangu alikuwa haelewi, bili ya maji inapanda na hakuna mboga, ilibidi nimsomee maelezo ya Mzee hapa. Safari ya kwanza zilitoka nyingi mpaka nikaogopa, nikadhani nimeharibu. Nikakata. Siku kumi tena, kama nusu. Safari ya tatu nikasafiri msibani Kilosa nikakaa siku kumi na tisa, nikarudi nikazikuta zimeshafika majani saba nane na zingine zimeanza kutoa maua, nikachimba moja nikakuta uzi mweupe mpya na kiazi kichanga kama punje ya mtama. Kwa hiyo Mzee ulichosema kuhusu majani matano nimekiona kwa macho, siku hizo tisa za ziada zilinirudisha nyuma kama mwezi mzima. Sasa hivi nikisafiri namwachia dada wa jirani kisu na maelekezo, nampa mchicha bure.

Mwezi wa tisa nikabandika marando ya matembele kiganja kimoja kimoja. Wiki ya tano huoni udongo. Ndago zinazotoka humo ni nyembamba kama uzi, rangi ya njano njano, navuta mbili tatu nikiwa nachuma. Pande la pili nilifanya nailoni nyeupe, wiki saba, Bin Kilifi ulikuwa sahihi, nilichungulia nikaona majani yamefunguka mle ndani yamebabuka kama yamepikwa. Ila kwenye kingo ambako nilifukia vibaya zimebaki nyingi, kwa hiyo kingo ni za kuangalia sana. Pande la tatu na la nne bado zina ndago zao, huko napanda bamia na maboga tu kwa sasa na nakata kila siku kumi zisitoe maua.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia, upande wa fensi zilikuwa zinaingia kutoka kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Nikachimba mtaro mwembamba wa shubiri mbili kwenda chini, nimeuacha wazi, kila wiki napita na panga nakata zile nyuzi zinazochungulia. Mwenye kiwanja nilimpigia simu, kaniruhusu nilime matembele huko pia mpaka atakapojenga.

Mchicha nimeanza kuuza tena wiki iliyopita, mafungu kumi na mawili kwa siku. Sio kama zamani bado. Swali langu Mzee, pande la tatu liko chini ya mwembe na kuna mizizi mingi, uma hauingii vizuri, nichimbe hivyo hivyo nisiogope mizizi au nitumie nailoni? Maana kivuli pale kipo nusu siku.

Mzee wa Mgeta

Mwanangu umenifurahisha mpaka nimemwita mama yenu nimemsomea. Chini ya mwembe usichimbe, utaujeruhi mti bure, na nailoni bila jua la kutosha haitapata joto. Pale kivuli tayari kinakusaidia, wewe kata tu kila siku kumi na utandaze majani makavu ya mwembe yawe manene. Itachukua muda mrefu kuliko pande la bomba, labda mpaka masika ya mwakani. Na zile za upande wa nailoni, kwenye kingo, zichimbue sasa hivi kabla vuli haijakolea.

Mama Tuta

Sawa mzee, Jumamosi naanza na hizo kingo. Uma nimeshanunua wa kwangu.